Mawese ya Kigoma kwenye rola ya sonara: yanapofaa na yanapoharibu kazi

Bidhaa inayopimwa hapa ni mawese mekundu, yaleyale yanayopangwa kwenye chupa za maji na madumu sokoni Mwanga na Ujiji, lakini kwa kazi ambayo muuzaji wake hakuifikiria: kulainisha rola za kupunguzia unene wa metali bila moto. Mashine inayolengwa ni ile ya mkono ya masonara, yaani rola mbili za feleji ngumu, kila moja kipenyo cha milimita 60 na upana wa milimita 120, mpini pembeni na skrubu za kubania juu. Hesabu zote za humu zimepigwa kwa vipimo hivyo. Mwenye rola za ukubwa mwingine abadilishe nusukipenyo, mengine yabaki.

Hukumu ije mapema ili mwenye haraka aondoke nayo. Mawese yaliyosafishwa vizuri yanashinda karibu kila kitu kilichomo kwenye duka la vipuri kwa kulainisha shaba, shaba njano na fedha, ila ni kwa mipito (kila mara bamba linapopitishwa kati ya rola) ya katikati na ya mwisho. Hapo yanastahili alama nne kati ya tano. Kwenye mpito wa kwanza, bamba likiwa bado nene, yanastahili mbili, na hizo mbili ni za huruma. Yakiachwa juu ya bamba mpaka likaingia motoni, hayastahili hata moja.

Wazo lenyewe si la ajabu. Viwanda vya mabati ya makopo vya Wales Kusini vilikuwa vikiagiza mawese kutoka Afrika Magharibi katika karne ya 19, vikiyatumia kwenye masufuria ya kuchovyea bamba. Karne iliyofuata, viwanda vya kukandamiza feleji nyembamba kwa baridi vikayapaka moja kwa moja kwenye rola. Walichokuwa wakisafirisha kwa meli kinauzwa hapa kwa kibaba.

Rola bila msuguano haing'ati

Wengi hudhani kilainishi bora ni kile kinachofuta msuguano wote. Kwenye bawaba ya mlango ni kweli. Kwenye rola, msuguano ndio mkono unaolishika bamba na kulivuta ndani. Ukiukata mkono huo, rola zitazunguka, bamba litatetemeka mdomoni, na fundi ataanza kulisukuma kwa koleo.

Kanuni yake ni nyepesi. Punguzo kubwa kabisa la unene ambalo rola italing'ata yenyewe ni namba ya msuguano ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ikazidishwa kwa nusukipenyo cha rola. Nusukipenyo chetu ni milimita 30. Rola kavu, yenye namba ya msuguano 0.2, itang'ata punguzo la milimita 1.2. Yenye mafuta ya kawaida, namba ikiwa 0.1, itang'ata milimita 0.3. Kilainishi kizuri kikishusha namba hadi 0.05, inabaki milimita 0.075 tu. Msuguano umepungua nusu, lakini uwezo wa kung'ata umebaki robo. Hii ndiyo sababu fundi aliyebadilisha mafuta akapata mazuri zaidi huishia kulalamika kwamba mashine imeharibika.

Bamba likishaingia, mambo hulegea kidogo. Mashine inaweza kuendelea kulivuta hadi pembe ya kung'ata, yaani pembe ya sehemu ya rola inayogusa bamba, ifike karibu mara mbili ya ile ya kuanzia. Kwa hiyo chongoa ncha ya bamba kwa tupa sentimita moja hivi iwe kama kabari, ama acha ncha hiyo kavu na upake mafuta kuanzia nyuma yake. Njia ya pili ni ya haraka na haipotezi dhahabu kwenye tupa.

Ndani ya rola kuna jambo lingine. Metali huingia ikiwa na mwendo mdogo kuliko uso wa rola, na hutoka ikiwa na mwendo mkubwa zaidi, kwa kuwa unene umepungua na urefu umeongezeka. Mahali fulani katikati pana mstari ambapo miendo miwili inalingana. Kabla ya mstari huo msuguano huvuta ndani. Baada yake huvuta nyuma. Metali iliyo katikati inabanwa kutoka pande zote mbili, na shinikizo linapanda kama kilima. Theodore von Kármán aliandika mlinganyo wa kilima hicho mwaka 1925, Egon Orowan akaufanya uwe wa kina zaidi mwaka 1943, na mpaka leo programu za viwandani zinaanzia hapo.

Kwa bamba nene kilima ni kichuguu tu. Shaba ya milimita 1 ikishushwa hadi 0.9, msuguano wa 0.1 unaongeza shinikizo la wastani kwa asilimia 9. Chukua shaba hiyohiyo ikiwa na upana wa milimita 20, imekwishakuwa ngumu kiasi, unene umefika milimita 0.2 na unatakiwa kushuka hadi 0.15. Sasa msuguano wa 0.1 unaongeza asilimia 35, na nguvu ya kutenganisha rola inafika takriban kilonyutoni 11.4, sawa na mzigo wa zaidi ya tani moja. Ukishusha namba hadi 0.05, nguvu inakuwa kama 9.9.

Kinachoonekana zaidi ni mwisho wa safari. Rola za feleji nazo hubonyea kidogo zinapobana, na kila mashine ina unene ambao haiwezi kuvuka chini yake hata ukaze skrubu vipi. Fomula ya Stone inasema unene huo unakwenda sambamba na namba ya msuguano. Kwa shaba ngumu kwenye rola za milimita 60, namba ya 0.1 inakwamisha karibu milimita 0.036, namba ya 0.05 inashusha kikomo hadi karibu 0.018. Anayetengeneza utepe wa kawaida wa bangili hatafika huko kamwe. Anayetaka karatasi nyembamba ya kufunikia atafika, na hapo mawese ndipo yanapolipa.

Kwa nini oili nzito haisaidii

Swali la dukani huwa moja: "Naomba ile nzito." Kwa mashine ya mkono, uzito wa mafuta ni karibu kazi bure.

Osborne Reynolds alionyesha mwaka 1886 jinsi mafuta yanavyoburutwa kwenye kabari na kujenga utando unaobeba mzigo. Wilson na Walowit, mwaka 1971, wakaiweka hesabu hiyo kwenye mdomo wa rola: utando ni mnene zaidi kadiri mafuta yalivyo na mnato, mnato huo unavyopanda kwa shinikizo, na mwendo ulivyo mkubwa, ni mwembamba zaidi kadiri pembe ya kung'ata ilivyo kubwa. Weka mawese ya nyuzi 40, mwendo wa mkono wa sentimita 5 kwa sekunde, punguzo la milimita 0.1. Jibu ni nanomita mbili na ushei. Uso wa rola iliyopigwa msasa vizuri una vilima na mabonde ya mamia ya nanomita. Utando huo hauwezi kufunika hata kilima kimoja. Ukitumia oili yenye mnato mara tano, unapata nanomita 12, na bado metali inagusa rola.

Kiwandani, bamba linapopita kwa mita 20 kwa sekunde, hesabu hiyohiyo inatoa karibu maikromita moja kabla joto halijaupunguza mnato. Ndiyo maana makala za viwandani husifia mnato kwa kurasa nyingi, na fundi wa mkono akizifuata anapotea.

Kwenye mwendo wetu kinachofanya kazi ni kemia. Molekuli ya asidi ya mafuta ina kichwa kinachopenda metali na mkia mrefu usiopenda kitu. Kichwa kinashika shaba na kugeuka kuwa sabuni ya metali, mikia inasimama kama nywele za brashi. Asidi ya palmitiki ina kaboni 16 na urefu wa takriban nanomita mbili, yaani kimo kilekile cha utando tuliokadiria. Mawese yana kama asilimia 44 ya palmitiki, karibu 40 ya oleiki, 10 hivi ya linoleiki na 5 ya steariki. Nyingi ya hizo zimefungwa kwenye gliserini. Zilizo huru, hizo zinazoshika metali mara moja, ndizo zenye thamani kwetu.

Hapo ndipo mawese ya kienyeji yanapoyapita yale ya kiwandani. Mafuta ya kula ya mchikichi yaliyosafishwa, yale ya njano mpauko yanayong'aa dukani, yameondolewa karibu asidi yote huru. Kwa afya ya sufuria ni vizuri. Kwa rola ni sawa na kununua brashi iliyonyolewa.

Kuchagua na kusafisha

Asidi huru hutokana na matunda ya mchikichi kukaa baada ya kuvunwa kabla hayajachemshwa. Kimeng'enya kilichomo kwenye nyama ya tunda huanza kuyavunja mafuta mara tunda linapochubuka. Chikichi zilizolundikwa siku nyingi hutoa mawese makali yenye asidi nyingi. Zilizochemshwa mapema hutoa mawese matamu. Kwa biashara ya mawese ghafi kikomo cha kawaida ni asilimia 5. Kwa rola, asilimia 2 hadi 5 ndiyo mahali pazuri. Yakizidi 10, yataanza kula shaba na kuacha rangi ya kijani.

Kupima si kazi ngumu kwa aliye na vifaa vya kemia vya shule. Gramu 10 za mawese yaliyoyeyushwa, mililita 50 za spiriti ya moto iliyokwisha kusawazishwa asidi yake, matone machache ya fenolifthalini, kisha kostiki soda ya molari 0.1 idondoshwe huku chupa ikitikiswa, mpaka rangi ya waridi ikae nusu dakika. Rangi nyekundu ya mawese husumbua jicho, kwa hiyo weka karatasi nyeupe nyuma. Mililita za kostiki zikizidishwa kwa 0.256 zinatoa asilimia ya asidi huru. Mililita 20 ni asilimia 5.1. Asiye na kostiki atumie ulimi na pua: mawese yanayokereketa koo na kunuka kama sabuni iliyooza yamevuka mpaka.

Mawese ya kienyeji yana adui wawili, maji na nyuzi. Maji huziotesha rola kutu usiku mmoja. Nyuzi na chembe za ganda zikiingia kwenye mdomo wa rola huacha shimo kwenye dhahabu, na chembe ngumu ya ganda inaweza kuacha alama hata kwenye rola isiyo ngumu sana. Yachemshe polepole kwenye sufuria isiyojaa zaidi ya theluthi, bila mfuniko, mpaka mlio wa kuchachatika unyamaze. Hapo joto limepita nyuzi 105 na maji yameisha. Usiendelee mpaka yatoe moshi. Yakipoa hadi 60, yachuje kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, kisha mara ya pili kwa karatasi ya kuchujia kahawa.

Sasa acha yatulie siku mbili mahali pasipo baridi kali, nyuzi 24 au 25 hivi. Yatajigawa: juu mafuta mekundu mang'avu, chini uji wa rangi ya chungwa. Kimiminika cha juu ndicho kinachokwenda kwenye rola. Ule uji usiutupe. Unafaa kupakwa kwenye waya wa shaba kabla ya kuuvuta kwenye tundu. Ukiuchanganya kwenye rola, chembe zake zilizoganda zitabanwa pamoja na bamba. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo kila chembe inachimba kishimo chake na kutoka zake. Uso unatoka kama ganda la chungwa. Asubuhi za Juni na Julai, mawese yakiwa mazito kwenye chupa, kosa hili ndilo la kila siku. Chupa ikae kwenye maji ya moto mpaka yaliyomo yaonekane mang'avu kabisa.

Chombo kiwe kioo au plastiki nyeusi. Usiyahifadhi kwenye kopo la shaba wala shaba njano, kwani shaba huharakisha kuchacha.

Kiasi: tone moja, mawili yakizidi

Uso wa rola zetu mbili kwa pamoja ni sentimita mraba 452. Tone moja ni karibu mililita 0.05. Likitandazwa sawasawa linatoa utando wa maikromita 1.1, mara mia kadhaa ya kile kinachohitajika na kemia. Kwa hiyo tone moja kwa kila mipito mitatu au minne linatosha, likisambazwa kwa kipande cha sufi au pamba isiyomwaga nyuzi. Ukigusa rola kwa kidole, kiache alama hafifu tu. Rola inayodondosha mafuta inaharibu bamba.

Mafuta yakizidi, hujikusanya kwenye mabonde ya uso na kufungiwa humo. Chembechembe za metali zinageuka bila kuguswa na rola, na bamba linatoka bila mng'ao hata kama rola ni kama kioo. Anayetaka fedha ing'ae afanye mpito wa mwisho rola zikiwa zimefutwa mpaka zionekane kavu, punguzo dogo la asilimia 5 hivi, mwendo wa polepole. Mwendo wa polepole unapunguza mafuta yanayoburutwa ndani.

Kwa kazi ya kila siku ya shaba na fedha, mchanganyiko ni bora kuliko mawese matupu: sehemu 9 za mafuta ya cherehani, yale mepesi meupe, na sehemu 1 ya mawese mang'avu, vyote vikipashwa hadi nyuzi 50 na kukorogwa. Mafuta ya cherehani peke yake ni mepesi na hayana kichwa cha kushika metali. Mawese yanayapa kichwa hicho. Mchanganyiko huu pia unang'ata vizuri zaidi kwenye mipito ya mwanzo na unafutika kwa urahisi. Mawese matupu yabaki kwa unene wa chini ya milimita 0.3.

Anayetaka kujua namba yake ya msuguano badala ya kukisia, ipo njia isiyohitaji kifaa cha bei. Chora mstari mfupi wa sindano kwenye ukingo wa rola moja, mahali pasipotumika kwa kazi safi. Mzingo wa rola ni milimita 188.5. Pitisha utepe mrefu, sentimita 40 au zaidi, kutoka unene wa milimita 1.0 hadi 0.9. Mstari utajichapa mara mbili kwenye utepe. Kwa kuwa metali hutoka mbele ya rola, nafasi kati ya chapa itazidi mzingo: milimita 189.4 ikiwa namba ni 0.05, 190.6 ikiwa 0.08, 191.9 ikiwa 0.15. Ikiwa 188.5 au pungufu, rola inateleza na mstari wa kulingana umepotea nje ya mdomo. Pima kwa rula ya chuma na kioo cha kukuzia, rudia mara tano, chukua wastani. Nusu milimita ya kosa inahamisha jibu sana.

Kwa unene mwingine hesabu hii ifuatwe. Gawanya ongezeko la nafasi kwa mzingo. Zidisha kwa unene wa kutokea, gawanya kwa nusukipenyo, tafuta kipeuo cha pili. Hiyo ni pembe ya mstari wa kulingana. Pembe ya kung'ata ni kipeuo cha pili cha punguzo likigawanywa kwa nusukipenyo. Mraba wa pembe ya kung'ata, ugawanywe kwa mara mbili ya tofauti kati ya pembe ya kung'ata na mara mbili ya pembe ya mstari. Hiyo ndiyo namba ya msuguano. Maneno ni mengi kuliko kazi yenyewe. Kikokotoo cha simu kinaimaliza kwa dakika.

Moto ndio mtihani

Shaba na fedha zikishapunguzwa karibu nusu ya unene zinakuwa ngumu na lazima zichomwe zilainike: shaba kati ya nyuzi 400 na 650, fedha ya 925 karibu 600 hadi 650. Mafuta mepesi ya madini mengi yake huvukiza na kuondoka. Mawese hayavukizi, yanavunjika na kuacha utando mweusi wa kaboni. Ukipitisha bamba hilo kwenye rola tena, kaboni inapachikwa ndani ya uso, na hakuna asidi ya kusafishia itakayoitoa. Kwenye maungio, risasi ya fedha inakataa kutambaa. Hapa ndipo mawese yanapoteza ile alama ya tano.

Kwa hiyo kabla ya kila moto, osha. Maji ya nyuzi 60 hadi 70, gramu 10 hadi 20 za sabuni ya magadi iliyokunwa kwa kila lita, mswaki laini, suuza kwa maji safi. Kipimo cha usafi ni maji yenyewe: yakitanda juu ya bamba kama shuka, mafuta yameisha, yakijikunja kuwa shanga, rudia. Na usilaze shaba yenye mawese mpaka kesho. Asubuhi itakuwa ya kijani kingoni.

Rola nazo zifutwe kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha zipakwe mafuta ya cherehani matupu. Asidi ileile inayoshika shaba inashika feleji.

Wapinzani wake

Mise, mafuta ya kokwa ya mchikichi, yanastahili heshima zaidi kuliko yanayopata. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12. Mkia ni mfupi, kwa hiyo brashi ni dhaifu kuliko ya mawese, lakini yanaungua yakiacha uchafu mdogo. Kwa aluminiamu ndiyo chaguo letu. Viwanda vya karatasi ya aluminiamu hutumia mafuta mepesi yanayofanana na mafuta ya taa pamoja na asilimia chache za alkoholi au asidi ya lauriki. Mafuta ya taa sehemu 19 na mise iliyochujwa sehemu 1 ni ndugu wa karibu wa mchanganyiko huo. Bila kilainishi chenye asidi, aluminiamu hujinata kwenye rola na kila mzunguko unachubua palepale. Pasiwe na moto karibu wakati wa kazi hii, na aluminiamu isioshwe kwa magadi makali, inaliwa. Sabuni laini inatosha. Inalainika karibu nyuzi 345, na alama ya sabuni iliyochorwa juu yake ikigeuka nyeusi, ondoa moto.

Mafuta ya alizeti yanavutia kwa sababu ni safi na yanapatikana kila duka. Tatizo ni namba ya aidini: alizeti ya kawaida ni 118 hadi 141, mawese ni 50 hadi 55. Kadiri namba ilivyo juu ndivyo mafuta yanavyokauka kuwa gundi. Wiki mbili tu na rola zina ngozi ya njano inayobandika vumbi, haitoki kwa mafuta ya taa.

Oili chafu ya gari: hapana. Ina masizi, vumbi la chuma lililosagika kutoka kwenye injini, na viambato vya salfa vinavyoisawijisha fedha. Hata ngozi ya fundi inaumia, maana ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Grisi nayo ibaki kwenye gia na beringi za mashine. Kwenye uso wa rola inachimba vishimo kuliko uji wa mawese.

Nta ya nyuki kutoka Tabora ni hadithi nyingine. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na kwa kuvuta waya kwenye bamba la matundu au kulainisha msumeno wa sonara hatujui cha kuishinda. Kwenye rola bapa inajikusanya kama mabaka, kila baka likiacha doa. Anayepanda treni kutoka Tabora kwenda Kigoma na kipande cha nta mfukoni abadilishane na mwenye mawese. Kila mmoja atapata kinachofaa kazi tofauti.

Jambo la mwisho ni la ununuzi. Nusu lita ya mawese ina karibu matone 10,000. Hata karakana yenye kazi tele haiyamalizi kabla hayajachacha. Nunua chupa ndogo, gawa kikombe kimoja cha kusafishwa kwa ajili ya rola kabla hujafungua chochote karakanani, na kilichobaki kirudi nyumbani kwenye migebuka.